Usiku Kumi na Nne, Kiwanja Namba Saba

30 Mei

Shule imekwisha na kofia ya mahafali iko juu ya kabati. Leo nimeanza kazi kwa shangazi Verna, msimamizi wa kambi ya mapumziko ya kaunti hapa Ziwa la Otter. Yeye halipwi mshahara. Anapewa kiwanja cha bure karibu na lango kwa ajili ya trela lake, nyumba ndogo ya kuvutwa na gari, na kaunti inamlipa msaidizi mmoja wa kusafisha vyoo, kuuza kuni na kukaa kibandani. Msaidizi ndiye mimi. Mama anasema kazi hii itanifungua mdomo. Leo kila aliyekuja alihudumiwa na shangazi, na mimi nilikuwa nyuma ya kibanda nikipanga kuni zilizokuwa zimeshapangwa.

Nimekariri ada ili nisiulize tena. Kiwanja chenye umeme na bomba ni dola kumi na nane kwa usiku. Nyasi tupu, kumi na mbili. Ng'ambo ya ziwa kuna kambi ya mtu binafsi yenye bwawa la kuogelea, na huko ni hamsini na tano. Kwetu hakuna kukaa zaidi ya usiku kumi na nne mfululizo. Zikiisha, unatoka na trela lako, unalala nje usiku tatu, ndipo unaruhusiwa kurudi.

2 Juni

Mvua. Vyoo. Sikuzungumza na mtu.

5 Juni

Duane mwenye duka la matairi mjini alileta trela lake jana likiwa tupu, akaliweka kiwanja namba tisa karibu na maji, akatoa viti viwili nje, akarudi kulala kwake. Analipia Jumatano na Alhamisi ili Ijumaa akute nafasi yake. Si yeye peke yake. Katikati ya wiki nusu ya ufuko wetu hukaliwa na watu wasiokuwepo.

Nilimwuliza shangazi kama huo si ujanja.

"Amelipa?"

"Amelipa."

"Basi muache. Trela nalo lina haki ya kupumzika."

Kisha akaniambia kwamba ndiyo maana kikomo kipo. Bila usiku kumi na nne, alisema, akina Duane wangetia mizizi mwezi wa tano na kung'olewa na theluji, na mtu wa kawaida asingeyaona maji mpaka Yesu arudi.

8 Juni

Leo nimeona kitu cha kupendeza. Jioni waliingia wazee wawili kutoka kusini, mwendo wa saa tano, Mzee Delmar Hruska na mkewe Bi Arlene, na trela refu la rangi ya krimu. Watu hapa wana tabia ya kugeuza viti kila trela linapoingia, kwa sababu kurudisha trela nyuma kati ya miti ndiyo sinema yetu. Waume hupandisha hasira, wake hupiga kelele, kuna waliowahi kulala kila mmoja pake usiku huo. Kwa hiyo viti viligeuka.

Hapakuwa na sinema. Bi Arlene alishuka na kikombe cha kahawa mkononi, akaenda akasimama, akainua mkono ule mwingine. Kidole huku. Kiganja kule. Ngumi. Trela likaingia kiwanja namba saba mara moja tu, kama droo inayofungwa, wala kahawa haikumwagika. Watu wakarudisha viti vyao kwenye moto wakiwa wamenuna kidogo.

10 Juni

Bi Arlene ameanguka. Alikuwa anashuka ngazi ya trela na beseni la vyombo, ngazi ilikuwa na umande. Nilikuwa namwaga majivu pale jirani na nilisikia. Shangazi aliita gari la wagonjwa, mimi nilishika mkono wa Bi Arlene mpaka lilipofika. Alikuwa ananipa moyo mimi. "Usilie, mwanangu. Ni nyonga tu. Ninayo nyingine."

11 Juni

Amefanyiwa upasuaji salama. Nyonga ya kushoto.

17 Juni

Bi Arlene amehamishiwa kituo cha mazoezi ya viungo mjini, dakika kumi kutoka hapa. Atakuwa huko mpaka mwanzoni mwa mwezi wa nane. Mzee Delmar huenda asubuhi, hurudi jioni. Shangazi anasema muuguzi amemwambia kwamba siku mzee akichelewa, mama yule hali chakula, anasukuma sahani tu.

Leo alikuja kununua kuni. Nilimpa fungu kubwa bila kusema kitu. Akasema, "Wewe na mimi tutapatana. Mke wangu husema kwa niaba ya watu wawili, sasa nimebaki sina msemaji."

Nilitaka kujibu. Jibu lilinijia alipokuwa ameshafika kwake.

21 Juni

Shangazi alinipa karatasi ya kumkumbusha mzee kwamba kesho saa saba mchana muda wake unaisha. Nilitakiwa kumpa mkononi na kumweleza kwa upole. Niliibana chini ya waipa ya gari lake nikakimbia.

22 Juni

Hakutoka. Saa saba ikapita, saa nane ikapita. Saa tisa akaja Kip, afisa wa kaunti, na buti zake na miwani yake nyeusi. Nilikuwa na toroli ya taka pale karibu, nikabaki nayo.

"Mzee, habari za mchana. Naona bado tuko."

"Tairi," akasema Mzee Delmar.

Kip akaligonga tairi kwa buti. "Tairi hili lina afya kunizidi mimi."

"Basi la upande wa pili."

Kip akazunguka, akaligonga na la upande wa pili, akarudi. Shangazi akafika akihema. Akasema mkewe yuko kituoni, kila mtu anajua, kwani kuna ubaya gani akiachwa hapo mpaka atoke?

"Verna, nikimwacha yeye, kesho Duane ana shangazi mgonjwa. Keshokutwa kambi nzima ina mashangazi wagonjwa. Usiku tatu tu, kisha anarudi. Sijamfukuza mtu."

Hapo ndipo mzee alipokaa kwenye ngazi ile ile aliyoangukia mkewe, akavua kofia.

"Kutoka naweza," akasema. "Kutoka hata mtoto anaweza, ni kwenda mbele tu. Kurudi ndiko siwezi."

Shingo yake haigeuki tangu alipoanguka kutoka juu ya ghala la mahindi akiwa kijana. Miaka yote ya trela, macho yake ya nyuma yamekuwa Arlene. Viwanja vyetu vyote ni vya kuingia kinyumenyume. Akitoka hapa hatarudi, alisema, na dola hamsini na tano za ng'ambo hana, labda kwa wiki moja. Baada ya hapo ni kumwacha mke wake peke yake na kurudi nyumbani.

Kip alivua miwani. Akampa mpaka kesho. Nilimchukia sana nikiwa na toroli yangu.

23 Juni

Ametoka. Mchungaji amemruhusu kulala nyuma ya kanisa, kwenye changarawe. Namba saba imebaki na mistatili miwili ya nyasi za njano.

24 Juni

Mama mmoja na watoto watatu walikuja na hema jioni, viwanja vyote vimejaa isipokuwa namba saba, tukawapa hiyo. Wanaishi ghorofani kwenye mji mkubwa, hii ndiyo likizo yao yote, usiku mmoja. Mtoto mdogo alikuwa hajawahi kuona vimulimuli. Alikuja mbio mpaka kibandani kuniambia kwamba nyasi zinawaka na nimwite mtu wa zimamoto.

Nilikuwa nimeapa kumchukia Kip mpaka mwisho wa msimu. Sasa sijui.

26 Juni

Sitaki kuandika ya leo lakini nitaandika.

Mzee Delmar alirudi saa tisa. Shangazi alikuwa mjini kuchukua karatasi za chooni. Akasimamisha gari mbele ya namba saba, akaniangalia, mimi nikaangalia viatu vyangu. Akasema, "Binti, unaweza kunisimamia pale nyuma? Ni kuniambia tu nisigonge." Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Viti viligeuka. Nikahisi macho yote shingoni. Nikaenda nyuma ya trela, pembeni kabisa, kwenye kivuli cha mti, mahali ambapo watu hawakunikodolea. Nikainua mkono kama nilivyomwona Bi Arlene akifanya. Trela likaja. Nikaonyesha kushoto. Likaendelea kuja. Nikaonyesha kushoto kwa mikono yote miwili. Nikafungua kinywa kusema simama, na sauti haikutoka kabisa, kama ndotoni.

Likagonga bomba. Maji yakaruka juu kuliko trela. Watoto wote wa kambi wakaja kucheza chini yake kama sikukuu.

Mzee alishuka. Hakukasirika, afadhali angekasirika. "Binti, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa pale."

"Pale wapi? Nimekutafuta kwenye vioo vyote viwili."

Akapanda gari, akatoka kwenda mbele, akarudi kanisani.

Kip alikuja kufunga maji. Nilisimama nikisubiri. Alifanya kazi yake akiwa amelowa mpaka kwenye nyusi. Mwisho akasema, "Mwaka jana bomba hili hili liligongwa na gari la kaunti."

"Nani alikuwa anaendesha?" nikauliza. Sijui nilipata wapi ujasiri.

"Mjinga mmoja hivi," akasema Kip. "Ana buti kama hizi."

27 Juni

Shangazi ameleta habari mbaya kutoka mjini. Mchungaji hawezi kumweka mzee zaidi ya Jumatatu, kuna harusi na wageni wanataka pa kuegesha magari. Mzee amemwambia muuguzi kwamba atamchukua mkewe Jumatatu waende nyumbani. Daktari amesema akiacha mazoezi sasa huenda asitembee tena bila kiti cha magurudumu. Bi Arlene amesema hawezi kubaki huku mzee yuko mbali, na mzee, ambaye hataki tena kurudisha trela nyuma bila mkewe, anasema hawezi kubaki bila pa kulala. Wote wawili wanalia, kila mmoja peke yake kwa muuguzi.

Na yote ni kwa sababu nilisimama kivulini.

28 Juni

Nilimwomba shangazi anipeleke kituoni. Alinitazama kwa sababu sijawahi kuomba kupelekwa kwa watu.

Bi Arlene alikuwa ukumbini kwenye kiti cha magurudumu, amevaa viatu vyekundu vya raba. Nilikuwa nimejiandalia maneno. Yalitoka yote kwa mkupuo: bomba, kivuli, vioo, na kwamba naomba anifundishe. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulisimama wapi hasa?"

Nikamwonyesha kwa vikombe viwili na boksi la karata.

"Eh! Hapo hata Mungu asingekuona. Sikiliza. Mkono si kitu, mkono hata kuku ana bawa. Kazi ni kusimama. Unautafuta uso wa dereva kwenye kioo. Ukiuona uso wake, naye anakuona. Usipouona, usinyooshe hata kidole, tembea mpaka uuone. Hata kama ni katikati ya barabara. Hata kama watu wanacheka."

"Watu huwa wanageuza viti," nikasema.

"Najua. Kwani unafikiri kahawa ni ya nini? Mkono mmoja ukiwa na kikombe, hauna pa kutetemekea."

Kisha akatoa kioo chake kidogo cha kujipodolea, akageuza kiti, akanipa mgongo. "Haya. Mimi ni trela. Niingize kati ya kinanda na tangi la samaki. Na mimi siangalii nyuma, naangalia kioo tu."

Mara ya kwanza nilimgongesha kwenye kinanda. Kikalia nota tatu na wazee wote wakaamka. "Delmar angekuwa ameshatukana," akasema. "Tena." Mara ya pili nilipotea kwenye kioo chake na yeye akafunga breki akasubiri, mpaka nikaelewa na kuhama. Baadaye aliingia sawasawa, kiganja kimoja kutoka kwenye samaki. Mzee mmoja mwenye mirija ya hewa puani akapiga makofi.

Bi Arlene akamwita muuguzi. "Mwambie mume wangu Jumatatu siendi popote. Mwambie amepata macho ya kuazima."

30 Juni

Wiki ya sikukuu ya Uhuru, kambi imejaa. Namba saba ilikuwa wazi kwa sababu Kip alikuwa ameifunga kwa utepe akingoja bomba jipya, na leo asubuhi ameliweka na kutoa utepe. Sijui kama ingechukua siku zote hizo kuweka bomba moja. Sikuuliza.

Mzee Delmar alifika. Alishusha kioo cha gari. "Amesema nikuamini," akasema. "Sikusema mimi. Ni yeye."

Nilijaza kikombe cha kahawa ingawa siinywi. Nikaenda nikasimama katikati ya barabara, kwenye jua, mbele ya viti vyote. Duane akapaza sauti, "Ondokeni karibu na bomba, jamani! Leteni taulo!" Watu wakacheka. Masikio yaliniwaka moto. Nikatafuta uso wa mzee kwenye kioo. Nikauona, mdogo, umekunjamana, unanitazama mimi tu.

Tukaanza. Kidole huku. Alipopotea kwenye kioo nilitoa kiganja, akasimama, nikatembea mpaka tukaonana tena. Ilichukua muda, tulirudia kona mara mbili, kahawa ilinimwagikia kiatuni. Hakuna aliyesema kwamba tulikuwa kama droo. Lakini lilipofika kwenye nyasi za njano niliinua ngumi, likatulia pale pale.

Mzee alishuka, akalizunguka trela lote polepole kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. Akasema, "Limepinda kidogo kwa mbele."

"Ndiyo," nikasema.

"Na la Arlene hupinda." Kisha akaingia ndani akafunga mlango, na kwa dirisha nilimwona anajifuta macho na taulo la vyombo.

4 Julai

Fataki juu ya ziwa. Mbwa wote chini ya matrela.

14 Julai

Mzee ametoka kwa hiari, saa nne asubuhi, kabla hata sijaandika karatasi. Safari hii analala kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo. Namba saba imechukuliwa na baba na binti yake wenye mtumbwi. Huyo binti ni mkimya kunizidi mimi. Tulisimama karibu na kuni kwa muda mrefu tukiwa na furaha kabisa.

17 Julai

Amerudi. Tumemwingiza kwa mkupuo mmoja. Viti vichache sana viligeuka.

23 Julai

Joto. Mahindi matamu yameanza, Duane huleta gunia zima Ijumaa na kuyagawa, hatozi mtu hata senti. Amenipa mengi kuliko wengine na akasema, "Haya ni ya bomba." Nilimjibu kwamba nitagonga na la kwake akileta mengine. Alicheka mpaka akakaa. Nilikuwa nimemfikiria kama mtu wa ujanja tu.

31 Julai

Muda wa mzee umeisha tena, ametoka. Bi Arlene anaruhusiwa Jumatatu. Kutoka hapo wanaweza kwenda moja kwa moja nyumbani, saa tano tu za barabara. Nimefurahi kwa ajili yao. Nimefagia namba saba vizuri sana na haikuhitaji.

4 Agosti

Nilikuwa kibandani saa tisa, nikiuza barafu, niliposikia injini ninayoijua. Trela la krimu. Nilidhani wamekuja kuaga.

Likasimama mbele ya namba saba. Mlango mmoja wa gari ukafunguka. Mzee Delmar alishuka upande wa abiria, na Bi Arlene alikuwa kwenye usukani, na viatu vyake vyekundu.

"Daktari amesema kusimama muda mrefu bado," akaniita kwa dirisha. "Kukaa hakukatazwi. Nyonga mbovu ni ya kushoto, na gari hili halihitaji mguu wa kushoto."

"Arlene, hujawahi kulirudisha nyuma likiwa na trela," akasema mzee.

"Nimekutazama ukilikosea miaka arobaini. Nenda nyuma huko ukanisimamie."

Mzee akaenda. Mungu anisamehe, sijacheka hivyo tangu nizaliwe. Alipunga mikono yote miwili kama anayefukuza kuku bustanini. Akaonyesha kushoto na kulia kwa wakati mmoja. Akapiga kelele, "Njoo! Simama! Njoo nasema! Hapana, siyo hivyo, njoo!" Shangazi alishika mti. Duane alisimama juu ya meza ili aone vizuri, na kambi nzima ilikuwa imegeuza viti, hata wa nyasi tupu walikuja. Bi Arlene hakumwangalia hata kidogo. Aliangalia vioo vyake, akazungusha usukani kwa kiganja kimoja, na trela likarudi polepole, likanyooka, likakaa kwenye nyasi zake, sawa kabisa kwa mbele na kwa nyuma.

Makofi yalisikika mpaka ng'ambo kwa wenye bwawa.

Mzee alibaki na mikono hewani. "Unaona?" akatuambia sisi wote. "Ni kumwelekeza vizuri tu."

Nilimsaidia Bi Arlene kushuka, taratibu, mpaka kwenye kiti chini ya turubai. Kip alikuwa amesimama kando na miwani yake. Alikuja akaligonga tairi kwa buti, upande mmoja, kisha upande wa pili, akaondoka.

Nikachukua kalamu. "Usiku ngapi?" nikauliza, na sikuhitaji kuuliza mara mbili.

"Si mnaenda nyumbani?" akadakia shangazi. "Si ameshapona?"

"Nimelala karibu miezi miwili nyuma ya kuta, nasikia habari za ziwa kwa huyu mwanamume asiyejua kusimulia," akasema Bi Arlene. "Andika zote, mwanangu. Kumi na nne. Ya kumi na tano waje watutoe kwa nguvu."

Mzee alikuwa ameshaanza kuhesabu noti kwenye kofia yake, na hakubisha.

Nikaandika kadi, nikaibana kwenye nguzo. Namba saba. Hruska. Watu wawili. Mpaka tarehe 18.